Tairi Linalolala Polepole



Ndugu zangu, makala hii nilitakiwa niandike juu ya adabu za kuazima. Nikamwomba mhariri anikubalie niandike juu ya tairi la gari. Alicheka, kisha akakubali kwa sharti kwamba adabu za kuazima azikute humo humo. Basi nasoma uhandisi, nimefaulu mtihani wa gesi na shinikizo, na bado tairi moja lilinishinda mwezi mzima. Nililoshindwa halikuwa hesabu, mtaona.

Ramadhani iliyopita chama chetu kilikuwa kikipeleka futari kutoka Buyenzi, ambako akina mama walikuwa wakitupikia, hadi kwa wanafunzi wa kampasi ya Mutanga. Gari tuliazimwa na mzee mmoja wa Buyenzi, rafiki wa marehemu baba yangu. Ni Toyota Corolla ya zamani, usukani kulia, kama nyingi zilizotoka Japani, ingawa sisi Burundi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Funguo alinikabidhi mimi, mbele ya watu, baada ya swala.

Wiki ya kwanza haijaisha, tairi la nyuma kushoto nikalikuta limelala. Halikupasuka, lilikuwa limelegea tu, tumbo limetoka nje kama gunia la mchele lililosimamishwa vibaya. Nikalipeleka kwa kijana wa pancha kando ya barabara. Akalizungusha, akaona msumari, akauchomoa kwa koleo, akachomeka utambi wa mpira, akajaza upepo. Dakika kumi kazi imekwisha. Nikamlipa, nikamshukuru Allah.

Baada ya siku nne likalala tena. Nikapita kituo cha mafuta nikajaza. Baada ya siku nne nyingine, vilevile. Nikazoea. Kila nikipita na upepo upo, najaza, naendelea na safari ya sufuria za uji na sambusa. Siku ya pili ya Idd nikarudisha gari. Asubuhi hiyo nililiosha, nikafuta vumbi ndani, nikajaza matairi yote manne, na lile la nyuma kushoto nikaliongezea kidogo. Mzee akaniuliza, "Halikukusumbua, mwanangu?" Nikajibu, "Hapana baba, liko salama, alhamdulillah."

Siku ya tano baada ya swala ya alfajiri, Mzee alipigiwa simu kutoka Rumonge. Dada yake amefariki usiku, na watazika saa nne asubuhi. Rumonge ni zaidi ya kilomita 70 kwa barabara ya ziwani, safari ambayo mtu akitoka saa moja anawahi. Akatoka nje, akakuta tairi limekaa juu ya rimu. Akatoa tairi la akiba kwenye buti, nalo halina upepo. Mafundi walikuwa bado hawajafungua, na taksi siku zile za shida ya mafuta kuipata ilikuwa bahati. Alipofika Rumonge kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Akamswalia dada yake pale pale kaburini, jambo ambalo katika madhehebu yetu linafaa, lakini hakumwona uso.

Habari hizo nilizisikia msikitini baada ya isha. Aliyekuwa akisimulia alisema ni kadari ya Allah. Mzee mwenyewe alikuwa safu ya mbele, akaitikia kwa kichwa. Mimi peke yangu nilijua kwamba sehemu ya kadari hiyo ilipita mkononi mwangu.

Nitarudi kwa Mzee. Kwanza tairi, kwa sababu wengi wetu tunaazima magari ya wazazi na wajomba, tunasafiri nayo milimani tukiwa watano ndani, na hatujui lolote chini ya mlango.

Upime kabla ya kutafuta

Fundi aliyenifundisha ni mzee wa makamo, ana kibanda chake katika moja ya zile barabara za Buyenzi zinazoitwa kwa namba. Anayeijua Buyenzi anajua kwamba nusu ya magari ya Bujumbura yanaponea huko. Jambo la kwanza aliloniuliza halikuwa tundu liko wapi. Aliniuliza, "Linapoteza kiasi gani kwa siku?" Sikuwa na jibu. Akanirudisha nyumbani na kipimo cha upepo, akaniambia nirudi baada ya siku nne.

Masharti yake ya kupima yalikuwa haya. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi, gari halijatembea na jua halijalipiga. Tumia kipimo kile kile kila siku, kwa sababu vipimo vya vituo vya mafuta vinatofautiana. Pima matairi yote manne, usipime moja tu, ili yale mazima yawe mashahidi wako. Kisha andika. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni ya juu kabisa ambayo tairi linaweza kuibeba, na si ile ambayo gari lako linaihitaji. Gari la Mzee kibandiko kilisema baa 2.2, ambazo ni PSI 32. Mafundi wengi hapa huhesabu kwa kilo, na kilo moja ni karibu sawa na baa moja, kwa hiyo usiogope ukisikia "weka kilo mbili na kidogo".

Daftari langu lilionyesha matairi matatu yamebaki 32 siku zote nne. La nyuma kushoto lilianza 32, likaja 30 na nusu, 29, 27 na nusu, 26. Yaani PSI 6 kwa siku nne. Tairi zima nalo hupoteza kidogo, kwa kuwa hewa hupenya taratibu katika mpira wenyewe, lakini hiyo ni kama PSI 1 au 2 kwa mwezi. Langu lilikuwa limepita mbali sana.

Hapo nilikutana na fikra moja ambayo Mzee alikuwa nayo, na wengi wanayo. Alikuwa amekwenda Gitega mwezi wa Shaaban, na aliporudi akakuta tairi limelegea. Akasema ni mlima wa Bugarama, "huko juu kunavuta upepo." Tulifanye hesabu, maana hili ndilo darasa la gesi lililokaa barabarani. Ziwa letu liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Bugarama ni zaidi ya mita 2,000. Ukipanda, hewa ya nje inapungua nguvu. Kipimo chetu husoma tofauti kati ya ndani na nje, kwa hiyo huko juu kipimo kinapaswa kupanda, kwa karibu PSI 2. Lakini huko juu pia ni baridi, na kila nyuzi 10 za Selsiasi zikipungua, tairi kama hili hushuka kama PSI 1 na nusu. Moja linaongeza, jingine linapunguza, na tofauti inayobaki ni ndogo kuliko makosa ya kipimo cha kawaida. Mlima hauna kosa. Tena ukirudi mjini kila kitu kinarudi kilipokuwa. Tairi lililopanda na 32 na kushuka na 27 limevuja.

Kwa sababu hiyo hiyo ya joto usipime mchana ukafurahi. Tairi lililotoka kutembea, au lililopigwa na jua la saa nane, husoma zaidi ya lilivyo. Nami nilikuwa nikijaza jioni kabla ya futari, tairi likiwa moto, naona 32, kumbe alfajiri ni chini ya 30.

Vipovu

Sasa tutafute tundu. Fundi alichukua kipande cha sabuni ya kufulia, akakiyeyusha katika ndoo ya maji mpaka maji yakawa mazito yenye kuteleza, akachukua brashi ya kupakia rangi. Akajaza tairi kwanza. Tairi lililolegea huvuja kidogo, na tundu lake huweza kujificha, kwa hiyo ukitaka kulikamata ulipe nguvu, ila usipite ile namba ya ubavuni.

Akaanza na vali. Akatoa kifuniko, akadondosha maji ya sabuni mdomoni, akangoja. Ndani ya vali kuna kijiti kidogo chenye springi na mpira mwembamba. Vali ya aina hii ilisajiliwa Marekani mwaka 1893, na bado ndiyo iliyoko kwenye gari lako leo. Kijiti hicho kikilegea au mpira wake ukiingia mchanga, tairi linalala na hakuna msumari popote. Kukikaza au kukibadilisha ni kazi ya dakika mbili na bei yake ni kama chai na chapati. Kile kifuniko cha plastiki ambacho wengi tunakipoteza na hatukijali, kazi yake ni kuzuia vumbi lisifike hapo. Akatikisa na shina lenyewe la vali huku na huku, maana mpira wake huzeeka ukapasuka chini, unapoingia kwenye rimu. Hakukutoka povu.

Akapaka sehemu inayokanyaga barabara, polepole, akaniambia nisukume gari nusu mzunguko. Hili nisingeliwaza. Tairi likiwa chini, kuna sehemu ambayo limeikalia, na kwa kuwa tundu linaweza kuwa hapo hapo, ukipaka bila kulisogeza gari unaweza kusema halina tundu huku umelificha kwa uzito wa gari lenyewe. Tukaona ule utambi wa yule kijana wa kando ya barabara. Fundi akaupaka mara mbili, akaukodolea macho. Mkavu. Kijana wa watu alikuwa ameziba vizuri.

Nikashangaa. Mwezi mzima nilikuwa nikimlaumu moyoni.

Basi akashusha jeki. Kwa wasiojua, mpangilio ni huu: breki ya mkono imevutwa, mawe mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki, nati zilegezwe kidogo gari likiwa bado chini, ndipo upandishe. Usiingize mguu wala kichwa chini ya gari lililo juu ya jeki peke yake. Akalitoa gurudumu, akalilaza, akamimina maji ya sabuni kwenye ule mfereji ambapo mdomo wa tairi unakutana na rimu, pande zote mbili. Akawasha redio. Tukakaa.

Nikauliza tunangoja nini. Akasema, "Wewe ndiye msomi, piga hesabu tunangoja nini." Nikaipiga kwenye daftari, na ninawaletea hapa kwa kuwa ndiyo sehemu niliyoipenda. Tairi kama lile lina nafasi ya ndani ya takriban lita 25. PSI 6 ni karibu baa 0.4. Kwa hiyo kilichotoka kwa siku nne ni kama lita 10 za hewa ya kawaida. Ukigawa kwa saa 96 unapata desilita moja hivi kwa saa, yaani chini kidogo ya sentimita za ujazo 2 kwa dakika. Kipovu chenye upana wa milimita 5 kina ujazo wa kama sentimita 0.065. Basi tundu letu lilipaswa kutoa vipovu kama 27 kwa dakika, kimoja kila sekunde mbili. Na hiyo ni kama vyote vinatoka mahali pamoja. Vikigawanyika pembeni kote mwa rimu, kila mahali kitatoka kimoja baada ya muda mrefu. Tairi linalopoteza PSI 1 tu kwa wiki litatoa kipovu kimoja kwa karibu nusu dakika. Mtu aliyepaka sabuni na kuangalia kwa sekunde tano hataona kitu, na atakuapia kwamba halivuji.

Tulikaa dakika tatu hivi. Kisha kwenye upande wa ndani wa rimu, ule unaotazama chini ya gari na ambao hakuna anayeuosha, kukaanza kutokea povu jeupe laini, kama la maziwa yanayotaka kuchemka, kwa urefu wa kidole. Halikuwa tundu hata kidogo. Ilikuwa kutu.

Kwa hiyo kulikuwa na mivujo miwili. Msumari ulikuwa wa kweli, na kutu ilikuwa ya kweli, na kutu ilianza kabla ya msumari, pengine tangu ile safari ya Gitega. Nilipoupata mmoja niliacha kutafuta. Madaktari watarajiwa wa kampasi ya Kamenge watanielewa, maana nasikia hata kwa mgonjwa mambo ni hayo hayo.

Kuziba

Hapa mafundi wanatofautiana, nami nitasema ninayoyaona sawa.

Tundu la msumari lililo katikati, katika sehemu inayokanyaga barabara, linazibika. Kanuni inayofuatwa sehemu nyingi duniani ni kwamba tundu lisizidi milimita 6, na lisiwe begani wala ubavuni. Ubavu wa tairi hujikunja na kujikunjua kila mzunguko, na kiraka hakiwezi kudumu kwenye kitu kinachojikunja mara mamia kwa kila kilomita. Fundi akikuambia ataziba ubavu, mshukuru uondoke. Utambi unaochomekwa kutoka nje ni msaada wa kukufikisha nyumbani, na mara nyingi hudumu sana, lakini haukuonyeshi ndani kuna nini. Ziba nzuri ni ile ya tairi kutolewa kwenye rimu, sehemu ikakwanguliwa ndani, ikapakwa gundi, kikawekwa kiraka chenye shina, umbo lake kama uyoga, shina likajaza tundu na kofia ikashika ndani. Na ukiona msumari ukiwa safarini, usiuchomoe. Mara nyingi wenyewe ndio unaozuia upepo. Weka alama ya chaki, jaza, nenda taratibu kwa fundi.

Kutolewa tairi kuna faida nyingine. Fundi aliingiza mkono ndani akaupapasa ubavu mzima, akautoa, akanionyesha kiganja. Kilikuwa safi. Akaniambia angekuta unga mweusi wa mpira angelitupa tairi hilo hapo hapo. Unga huo ni dalili kwamba limetembezwa likiwa limelegea, ubavu ukajisaga wenyewe kwa ndani. Nje linaonekana zima. Hivi ndivyo tairi linavyopasuka kwenye mteremko wa Bugarama: halina upepo wa kutosha, linajikunja kupita kiasi, linapata moto, kamba za ndani zinaachia, na wakati huo dereva yuko kwenye kona na lori mbele yake, na waendesha baiskeli wenye mizigo ya ndizi wameshikilia lori jingine linalopanda. Kila jioni ya Ramadhani nilikuwa nabeba wenzangu watatu na sufuria kwenye tairi la 26 na 27. Alhamdulillah safari zetu zilikuwa fupi na za mwendo mdogo.

Kuhusu kutu, alikwangua ukingo wa rimu kwa brashi ya waya, kisha msasa, mpaka chuma kikang'aa na kidole kikapita bila kukwama. Akafuta vumbi kwa kitambaa kikavu, akasafisha na mdomo wa tairi, maana magamba ya kutu hunasa hapo. Akapaka rangi nyembamba ya kuzuia kutu, tukaiacha ikauke mpaka baada ya laasiri, akapaka ile gundi nyeusi ya mdomo wa tairi. Kisha akalirudisha, akajaza mpaka tukasikia mdomo unakaa mahali pake, pah, pah, upande mmoja na wa pili. Rimu ya alumini nayo huota kutu yake, nyeupe kama chokaa, na huweza kupata ufa kwa mashimo ya barabarani. Ufa hauzibwi kwa gundi.

Wapo wanaomaliza habari yote kwa kuingiza tyubu ndani ya tairi lisilo la tyubu. Nilimwuliza. Alisema kwa dharura sawa, lakini tyubu husugua ndani na kupata joto, na ukikanyaga msumari tyubu huishiwa ghafla, wakati tairi lisilo na tyubu hukupa muda. Kutu nayo inabaki ikiendelea kula rimu. Nakubaliana naye.

Akanionyesha na tairi la akiba. Ubavuni kuna herufi DOT na mwishoni tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. La Mzee lilisema 1409, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2009. Kashata yake, ile michoro ya kukanyagia, ilikuwa nzuri kabisa, kwa kuwa halijatembea. Lakini ubavuni lilikuwa na nyufa ndogo ndogo kama udongo wa bwawa lililokauka. Akasema hilo lifungie mbuzi. Nanyi mnaonunua matairi ya mitumba, msitazame michoro tu, someni tarakimu hizo nne.

Nati zilifungwa kwa mshazari, moja kisha iliyo mkabala nayo, na baada ya kutembea kilomita 50 hivi zikakazwa tena.

Kwa Mzee

Kabla ya kumpelekea Fundi gari nilikuwa nimekwenda kwa Mzee. Nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi, siku mbili na usiku wake.

Nilipitia kwanza kwa ustadh wetu, na nakiri nilikuwa natafuta mlango wa kutokea. Nilimwuliza hukumu ya kitu cha kuazima kikiharibika. Akanieleza vizuri: kwa Mashafii, ambao ndio sisi wengi huku, kitu cha kuazima kikiharibika mikononi mwa mwazimaji yeye hudhamini, isipokuwa kilichoharibika kwa matumizi yale yale aliyoruhusiwa. Kwa Mahanafi ni amana, hadhamini ila akifanya uzembe au kuvuka mpaka. Nikapumua. Msumari niliukanyaga nikipeleka futari, ndiyo matumizi niliyoruhusiwa. Kutu nimeikuta. Sidaiwi.

Ustadh akaniuliza, "Na upepo uliojaza asubuhi ya kurudisha?"

Nikanyamaza. Akanikumbusha kisa ambacho sote tumekisoma, cha Mtume (s.a.w.) sokoni, alipoingiza mkono katika rundo la nafaka vidole vyake vikakuta unyevu chini, na muuzaji akasema ni mvua, na Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione. Ustadh hakuongeza neno. Muuzaji yule naye hakusababisha mvua.

Nilimkuta Mzee barazani. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakapotea, nikasema tu, "Baba, lile tairi nililijua. Nililijaza nikakurudishia." Akatazama barabara kwa muda. Kisha akauliza swali moja, tangu lini. Nikamwambia tangu wiki ya kwanza ya mfungo. Akasema, "Ungeniambia ningelipeleka kwa fundi siku ile ile. Ni kazi ndogo." Halafu baada ya muda, kwa sauti ya chini, "Alikuwa mdogo wangu wa mwisho yule." Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

Nilimwomba radhi na nikaomba anipe gari nilipeleke nilitengeneze kwa gharama yangu. Akasema hudaiwi. Nikamwambia ustadh naye amesema hivyo. Akanipa funguo.

Gari lilikaa kwangu siku nne zaidi baada ya kazi ile, kwa kupima tu. Daftari likaandika 32, 32, 32, 32. Nilipolirudisha nilimpa daftari pamoja na funguo, na kipimo nilichokinunua soko la Ruvumera, na tairi jingine la akiba, mtumba lakini la tarakimu nzuri. Nikamweleza kila kitu kwa mpangilio: utambi uko wapi, kutu ilikuwa upande gani, nati zikazwe lini, na kwamba gundi ya rimu aikague baada ya miezi michache, kwa sababu kutu iliyoanza hupenda kurudi.

Juma lililofuata aliniita nimwendeshe Rumonge, azuru kaburi. Nilifika baada ya alfajiri, bado giza. Nikamkuta nje amevaa kanzu, amechutama kwa shida kwenye gurudumu la nyuma kushoto, tochi ya simu mdomoni, kipimo mkononi. Akanionyesha ili nisome, maana macho yake hayaoni tarakimu ndogo.

Nikasoma. Akasema andika, akasogea kwenye la mbele.